Je, Kweli Ajali Haina Kinga? Kwa Mwanafunzi Aliyekuta Bembea Limefungwa



Wiki hii nimekuchagulia neno moja tu, nalo ni ajali. Bila shaka unalijua. Umelisikia redioni, umelisoma katika vichwa vya habari, na pengine umelitumia katika insha zako ulipoandika juu ya barabara. Hata hivyo, yapo maneno ambayo mtu huyatumia miaka mingi bila kuyafungua na kutazama yamebeba nini ndani. Ajali ni mojawapo. Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliowekwa, yaani saa ambayo kiumbe ameandikiwa kuondoka duniani. Kwa hiyo Mswahili wa kale aliposema kwamba ajali ya fulani imefika, hakuwa na maana kwamba chombo kimepinduka. Alimaanisha kwamba saa iliyoandikwa imetimia. Humo ndimo ilimozaliwa methali tunayoirudia kila tunapotoka mazishini: ajali haina kinga.

Sasa linganisha na Kinyarwanda, lugha ambayo wengi wenu mmeinyonya pamoja na maziwa. Ajali ni impanuka, neno linalotokana na kitenzi guhanuka, yaani kuanguka kutoka juu. Picha imebadilika. Kiswahili kinatuonyesha kalamu iliyokwisha kuandika. Kinyarwanda kinatuonyesha kitu kilichokuwa juu, ambacho sasa kiko chini. Jambo lililoandikwa mbinguni halina wa kuulizwa. Lakini kitu kilichoanguka kinaruhusu swali: kabla hakijaanguka, kilikuwa kimeshikiliwa na nini, na nani alikuwa na kazi ya kukagua kishikizo hicho?

Swali hilo ndilo somo letu la uraia leo. Nimechagua kulijadili kupitia viwanja vya michezo, mabembea, vigari vya relini na matembezi ya likizo, wala si kupitia mabasi na migodi, kwa sababu maalumu. Anayepanda basi amelazimika kusafiri. Anayeshuka mgodini amelazimika kula. Lakini anayepanda bembea refu ameifuata hofu kwa miguu yake mwenyewe, akailipia. Biashara ya bembea ni kuuza hofu iliyotolewa hatari ndani yake, kama mwiba uliong'olewa kwenye waridi. Mnunuzi hana njia ya kujua kama mwiba umeng'olewa kweli. Anaona rangi, anasikia muziki, anatazama wenzake wakipiga mayowe na kushuka wakicheka. Mengine yote ameyaacha mikononi mwa watu asiowajua. Imani ya namna hiyo ndiyo inayowafanya watu wengi wasiojuana waweze kuishi katika mji mmoja.

Kabla hatujaenda mbali, turudi darasani kidogo. Unakumbuka kauli za vitenzi? Kata, katwa, katika. Vunja, vunjwa, vunjika. Haribu, haribiwa, haribika. Katika kauli ya kutendwa, mtendaji yupo hata kama hatajwi: kamba ilikatwa, nawe utauliza mara moja, na nani? Katika kauli ya kutendeka, mtendaji ametoweka: kamba ilikatika. Sentensi imekamilika, imetulia, haidai chochote. Kauli hii ni mali kubwa ya Kiswahili, na sikushauri uiache. Lakini chunguza taarifa za misiba utaona jinsi inavyopendwa. Breki zilikatika. Daraja liliporomoka. Lango lilifungika. Vitenzi vinajitenda vyenyewe, na watu wote wamekaa pembeni wakiomboleza. Raia aliyesoma sarufi vizuri huikubali sentensi ya kwanza, kisha huomba ya pili: kamba ilikatika, je, ilikaguliwa na nani, na lini?

Tarehe 30 Mei 1972, katika uwanja wa burudani wa Battersea jijini London, kamba ilikatika kwa maana hiyo hasa. Vigari vya bembea lililoitwa Big Dipper vilikuwa vikivutwa kupanda mwinuko. Kamba ya kuvutia ilipoachia, vigari vilirudi nyuma kwa kasi, na breki iliyowekwa ili kuzuia jambo hilo haikushika. Watoto 5 walikufa. Bembea lilikuwa la mbao, na watu wa mji ule walikuwa wamelipanda tangu uwanja ulipofunguliwa mwaka 1951. Halikufunguliwa tena, na mwaka 1974 uwanja wenyewe ulifungwa.

Hapo zamani, nchi nyingi zilifikiri hivyo: hatari ni sehemu ya utamu. Katika jimbo la New Jersey nchini Marekani palikuwa na bustani moja iliyoitwa Action Park, iliyofunguliwa mwaka 1978. Vijana walitoka humo na michubuko mikononi na magotini, wakaionyesha shuleni kama askari anavyoonyesha nishani. Watu kadhaa walipoteza maisha katika bustani hiyo kabla haijafungwa mwaka 1996. Usidhani kwamba fikra hiyo ni ya Wamarekani peke yao. Sisi nasi tuna methali isemayo mtoto akililia wembe, mpe. Ni methali yenye hekima mahali pake, kwa maana yapo mambo ambayo mtu hajifunzi ila kwa kuyaonja. Lakini wembe hukata kidole, na kidole hupona. Bembea linalozunguka juu ya paa la nyumba halimpi mtoto nafasi ya kujifunza kwa makosa.

Sasa nikueleze tukio ambalo, kwa maoni yangu, lina mafunzo makubwa kuliko mengine, kwa sababu ndani yake mashine ilikuwa na busara kuliko wanadamu. Tarehe 2 Juni 2015, katika bustani ya Alton Towers nchini Uingereza, msafara wa vigari wenye abiria 16 uliugonga msafara mtupu uliokuwa umesimama relini. Bembea hilo, liitwalo The Smiler, lilijengwa kwa kanuni ambayo reli za treni zimeitumia kwa zaidi ya karne nzima. Njia hugawanywa vipande, na kila kipande huruhusiwa kuwa na msafara mmoja tu. Ikiwa kipande cha mbele hakijawa wazi, kompyuta husimamisha wanaofuata. Siku ile msafara mtupu wa majaribio ulikuwa umekwama mbele. Kompyuta ililiona jambo hilo, ikasimamisha kila kitu. Kwa maneno mengine, bembea lilikuwa limejifunga lenyewe. Mafundi hawakujua kwamba kulikuwa na vigari vilivyokwama, wakadhani kompyuta imekosea, wakaipuuza na kuwaruhusu abiria waendelee. Wasichana wawili walipoteza mguu mmoja kila mmoja. Mwaka 2016 mahakama iliitoza kampuni faini ya pauni milioni 5.

Tafakari juu ya jambo hili. Kizuizi kilikuwapo na kilifanya kazi. Kilichokosekana ni utaratibu wa kumfanya mtu aamini kizuizi kuliko haraka yake. Bembea lenyewe lilifunguliwa tena mwezi Machi 2016, baada ya taratibu kubadilishwa. Kufunga hakukuwa hukumu ya kifo kwa bembea. Kulikuwa muda wa kujifunza.

Mwaka uliofuata, Oktoba 25, 2016, msiba mwingine ulitokea upande wa pili wa dunia. Katika bustani ya Dreamworld, Gold Coast nchini Australia, kulikuwa na mto wa kutengenezwa ambamo watu walielea katika boti za mviringo. Mto huo ulikuwapo tangu mwaka 1986, na familia nyingi ziliuona kuwa mchezo wa upole, unaowafaa hata waoga. Siku ile pampu ya maji ilisimama. Kina kikapungua, boti moja ikakwama, na nyingine iliyobebwa na mkanda wa mashine ikaja kuigonga. Watu 4 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba pampu hiyo hiyo ilikuwa imesimama mara mbili mapema siku hiyo hiyo, ikawashwa tena, na watu wakaendelea kupandishwa. Mwaka 2020 kampuni ilitozwa faini ya dola za Australia milioni 3.6, na mto ule haukufunguliwa tena kamwe.

Mara mbili, mwanafunzi wangu. Msiba uliita hodi mara mbili kabla haujaingia. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini methali hiyo ina maana kwa yule tu ambaye kazi yake ni kuutazama ukuta kila asubuhi na kuandika alichokiona. Ufa usioandikwa mahali popote huonwa na kumi, na kila mmoja hudhani wa pili ameshasema.

Labda umeanza kuniuliza kimoyomoyo: Mwalimu, haya yote yanatuhusu nini sisi wa Kigali, tusio na vigari vinavyopanda mawinguni? Swali ni la haki. Katika Afrika Mashariki, furaha zetu nyingi za likizo hazitegemei mashine kubwa. Zinategemea maji, milima, mabonde na mikusanyiko. Lakini kanuni ni ile ile.

Nchini Kenya, karibu na Naivasha, ipo hifadhi ya taifa iitwayo Hell's Gate, na ndani yake kuna korongo jembamba lenye kuta za mawe zilizochongwa na maji kwa karne nyingi. Ni mahali pazuri mno. Ni mahali pa hatari kwa sababu hiyo hiyo inayopafanya pazuri: maji yaliyolichonga hayajaondoka, huja na kurudi. Mvua ikinyesha mbali, kwenye miinuko, mafuriko yanaweza kufika korongoni ghafla, hali anga iliyo juu ya vichwa vya wageni ni ya buluu. Mwezi Aprili 2012, vijana 7 wa kundi la kanisa walichukuliwa na maji humo. Tarehe 1 Septemba 2019, watu wengine 7 walichukuliwa katika korongo hilo hilo, akiwamo kiongozi wa matembezi aliyekuwa mwenyeji wa eneo. Shirika la Wanyamapori la Kenya likalifunga korongo kwa wageni.

Saba, kisha saba. Kati ya misiba hiyo miwili ilipita miaka saba na miezi kadhaa. Ukisema kwamba msiba wa kwanza ulikuwa ajali, kwa maana ya zamani ya neno hilo, pengine nitanyamaza. Ukisema hivyo juu ya wa pili, nitakuomba uitazame tena sarufi yako. Mafuriko hayakuwa siri tena, na mto huo ulikuwa umeshajulisha tabia yake. Kinachohitajika mahali kama hapo hakizidi uwezo wa nchi zetu: mtu juu kwenye miinuko anayetazama mvua, simu ya upepo mkononi mwa mtu aliye chini, ngazi za kutokea zinazoonekana wazi, na mamlaka ya kusema leo hakuingiwi, hata kama basi la wageni limetoka Nairobi alfajiri.

Jirani zetu wa Uganda nao wana usiku wao wa huzuni. Mwaka 2023 ulipoingia, katika jengo la maduka la Freedom City, kwenye barabara itokayo Kampala kwenda Entebbe, umati ulikuwa umekusanyika kutazama fataki za mwaka mpya. Watu walisongamana kwenye njia nyembamba, na wasiopungua 9 walikufa, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Hapakuwa na mashine yoyote iliyoharibika. Kulikuwa na njia ndogo na watu wengi. Nani alihesabu watu? Nani alipima mlango? Polisi walimkamata mwandalizi wa tamasha, na hilo pekee linakuonyesha mabadiliko ya fikra. Zamani tungesema ni msongamano, basi. Siku hizi tunatafuta jina la aliyekuwa na wajibu.

Na hapa nyumbani? Nenda msitu wa Nyungwe, kwenye daraja la kuning'inia lililofunguliwa mwaka 2010, lenye urefu wa takriban mita 160 juu ya vilele vya miti. Wageni hupita kwa vikundi vidogo, wakiwa na mwongozaji. Nenda Hifadhi ya Volkano: kila familia ya gorila hutembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku, kwa muda wa saa moja, na asiyetimiza miaka 15 haruhusiwi hata kama baba yake ni tajiri. Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, matembezi hayo yalisimamishwa, kwa kuwa pumzi ya mgeni ingeweza kumuua gorila. Huko ndiko kukomaa kwa fikra ya usalama: tulianza kwa kumlinda mgeni dhidi ya msitu, tukafika mahali pa kuulinda msitu dhidi ya mgeni.

Halafu kuna jambo unalolifanya kila siku bila kulifikiria. Ukipanda pikipiki pale Nyabugogo au Remera, dereva anakupa helmeti kabla hujataja unakokwenda. Wageni kutoka miji mingine ya ukanda wetu hushangaa. Wewe hushangai, kwa sababu umekua ukiiona. Mwaka 2019 Polisi ya Rwanda ilianzisha kampeni ya usalama barabarani na kuiita Gerayo Amahoro, yaani fika kwa amani. Zingatia neno lililochaguliwa. Amahoro ni amani, ile ile tunayotakiana tunaposalimiana. Kiswahili nacho kinafanya vivyo hivyo: usalama umetokana na salama, na salama ndiyo tunayoipeleka katika salamu. Kiingereza kina maneno mawili, moja la kujilinda na adui na jingine la kujilinda na ajali. Kiswahili kinatosheka na usalama, na Kinyarwanda kinatosheka na umutekano. Kwetu, askari anayelinda mpaka na fundi anayekaza nati ya bembea wanafanya kazi yenye jina moja. Napenda hivyo. Katika nchi inayojua gharama ya kukosa amani, si jambo dogo kwamba nati iliyokazwa vizuri nayo inaitwa usalama.

Niliuelewa ukweli huo vizuri zaidi kupitia kijana mmoja. Katika likizo moja niliandamana na wanafunzi wa kidato cha kwanza kwenye uwanja wa burudani, nje kidogo ya mji. Sitautaja, maana somo si la uwanja mmoja. Bembea kubwa la kuzunguka, lile ambalo watoto walikuwa wameliota wiki nzima, lilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nzito: Irafunze. Limefungwa. Watoto waliguna. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, mbona tulipofika lilikuwa linazunguka?" Ni kweli, lilikuwa likizunguka tupu. Mzee mmoja aliyekuja na wajukuu alikuwa tayari amemkabili kijana wa getini, akimwonyesha tikiti, akimwambia kwamba yeye ndiye mteja na amelipa. Nyuma yake walikuwapo watu wazima kama kumi, wote wamekasirika, wote wana hoja. Kijana alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Alisikiliza, akamwita mzee kwa heshima zote, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kiti kimoja hakishiki kufuli yake, na kwamba akiwapandisha watu kwenye viti vingine, lazima atatokea mtoto atakayekimbilia kile kimoja. Simu yake ililia mara kadhaa. Nilielewa kutokana na majibu yake kwamba aliyepiga alitaka bembea lifunguliwe. Ufunguo ulibaki mfukoni mwake mpaka tulipoondoka.

Wanafunzi wangu walirudi wamenuna, na sikuwalaumu. Lakini garini niliwauliza: nani leo amewafanyia kazi kubwa kuliko wote? Wakataja dereva, wakataja mpishi. Hakuna aliyemtaja kijana wa getini. Ni kawaida. Mlinzi akifanikiwa hakuna kinachotokea, na jambo ambalo halikutokea halina picha wala mashahidi. Kinyarwanda kinasema amagara araseseka ntayorwa, uhai ukimwagika hauzoleki. Yule kijana alikuwa amesimama mbele ya chungu kisimwagike, na malipo yake yalikuwa lawama.

Hapo ndipo somo la uraia linapoanza kuuma. Sikujua, na hadi leo sijui, kama kijana yule alilipwa ujira wa siku ile. Kama sheria na taratibu zinamwachia mtu mnyonge kabisa wa uwanja kazi ya kusema hapana, tena kwa hasara yake mwenyewe, basi usalama wetu unategemea ushujaa, na ushujaa haupatikani kila Jumamosi. Nchi iliyopangwa vizuri huifanya hapana kuwa neno rahisi. Humpa kijana kitabu cha kuandika alichokiona. Humpa cheti cha ukaguzi chenye tarehe, kilichobandikwa mahali ambapo kila mzazi atakisoma. Humpa kanuni ambayo hata mwenye mali hawezi kuivunja kwa simu. Hapo mzee mwenye tikiti hatagombana na kijana. Atarudishiwa fedha zake, nayo ni haki yake.

Sitaki uondoke hapa ukidhani kwamba kila lango lililofungwa ni jema. Kufunga ni rahisi, na urahisi wake una hatari zake. Mapema mwaka 2018, jijini Kigali, nyumba za ibada zaidi ya 700 zilifungwa kwa sababu ya majengo yasiyokidhi viwango, usafi na kelele. Wapo walioona kwamba waumini wamelindwa, na wapo walioona kwamba wamebanwa. Sikuandiki ili nikuchagulie upande. Ninataka uone kwamba mjadala wa namna hiyo unaweza kuwa wa haki ikiwa tu masharti yameandikwa, yanajulikana na kila mtu, na yanaonyesha njia ya kufungua tena. Lango lililofungwa bila sababu humfundisha raia kutii tu. Lango lililofungwa kwa sababu iliyoandikwa humfundisha kufikiri.

Pia kuna hasara ambayo wenye ofisi hawaioni. Ukifunga uwanja wa watoto bila kuutengeneza, watoto hawaachi kucheza. Watafunga kamba kwenye tawi la mparachichi, wataogelea mtoni mahali pasipo na mtu mzima, watateleza kwa ubao kwenye kilima kinachoishia barabarani. Kufunga kila kitu ni kuihamisha hatari kutoka mahali penye mlinzi kwenda mahali pasipo na mlinzi. Watoto wa matajiri watapelekwa kwingine. Wa maskini watabaki na tawi. Kwa hiyo anayefunga anadaiwa mambo mawili: sababu ya kufunga, na tarehe ya kurudi na vifaa.

Basi, utakapokutana na kibao cha Limefungwa, nakuomba ufanye kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili na ya raia kwa wakati mmoja. Uliza maswali manne, kwa adabu, kwa kauli ya kutendwa na si ya kutendeka. Limefungwa na nani? Limefungwa kwa sababu gani? Litakaguliwa lini? Taarifa ya ukaguzi itabandikwa wapi? Na ukikuta kibao cha Limefunguliwa, uliza maswali hayo hayo. Watu wengi huamka wakati wa kufunga na kusinzia wakati wa kufungua, hali madhara yote niliyokusimulia yalitokea malango yakiwa wazi.

Na ile methali? Nimeifikiria sana. Sidhani kwamba wazee walikosea. Walikuwa wakimfariji aliyefiwa, na mtu anayelia hapewi hesabu za kamba na breki. Mbele ya jeneza, sema ajali haina kinga, useme kwa upole, kisha unyamaze. Lakini methali haziishi peke yake. Katika ghala lile lile wazee waliweka nyingine, kinga ni bora kuliko tiba, wakaweka na ya tatu, tahadhari kabla ya hatari. Hawakujipinga. Walituachia dawa tatu za nyakati tatu, na elimu ni kujua ipi inywewe lini. Kosa hutokea mtu anapoichukua faraja ya makaburini na kuipeleka kwenye karakana, akaibandika mahali palipotakiwa cheti cha ukaguzi.

Kazi ya wiki hii ni fupi. Tafuta habari moja ya ajali katika gazeti lolote la Kiswahili. Pigia mstari kila kitenzi kilicho katika kauli ya kutendeka. Kisha iandike upya habari hiyo, ukiweka alama ya kuuliza kila mahali ambapo mtendaji ametoweka. Usibuni majina, kwani kumtuhumu mtu bila ushahidi nako ni kuvunja usalama. Acha alama za kuuliza zisimame. Uzihesabu, uniletee idadi, nasi tutazisoma pamoja darasani kwa sauti.

Nakutakia likizo ya salama, kwa maana zote za neno hilo.